Mita ya Umeme Baraka: Nani Atashika Mizani?

Umeme unapofika nyumbani kwa mtu, kabla taa haijawaka, mita huwa imeshafungwa ukutani. Chombo hicho kidogo ndicho kitakachosema umetumia kiasi gani, utalipa kiasi gani, na siku feza ikiisha, ndicho kitakachokuacha gizani. Kwa hiyo ni haki ya watu wa Baraka na teritware nzima ya Fizi kukizungumza mapema, kabla fundi hajapanda ngazi.

Leo nyumba nyingi za huku, kutoka Mboko mpaka Kazimia, zinaangaza kwa pano za jua, betri, jenereta na tochi. Umeme wa mto Ruzizi, unaotoka kwenye mtambo wa Ruzizi I wa mwisho wa miaka ya 1950 na ule wa Ruzizi II wa mwaka 1989, umewanufaisha zaidi ndugu zetu wa Bukavu na Uvira. Lakini sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango: shirika la umeme la taifa, SNEL, si muuzaji pekee tena, na kampuni binafsi zinaweza kuzalisha na kuuza. Goma wameyaona matunda yake. Virunga Energies ilileta umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3. Kampuni za namna hiyo zikifika Fizi, zitakuja na mita za kisasa. Kwingineko mita za zamani zinang'olewa ukutani kwa mabishano makubwa. Sisi hatuna nyingi za kung'oa. Tuna nafasi ambayo wengine hawakuipata, ya kuchagua kabla ya kufungiwa.

Mabishano hayo nimeyapanga hapa kwa sauti sita: mwakilishi wa kampuni ya umeme, fundi, mwalimu, mama muuza samaki, kijana wa kutuma feza kwa simu, na mzee wa kartye. Sikuwapa majina, kwa sababu kila sauti inabeba hoja za watu wengi. Mwishoni nitasema langu.

Mita ya zamani ina kosa gani?

MWAKILISHI: Wazee wangu na akina mama, mita ya zamani ni sahani ya alumini inayozungushwa na nguvu ya sumaku. Ukitumia umeme mwingi inakimbia, ukitumia kidogo inajikokota, na vigurudumu vya namba vinahesabu kilowati-saa. Ni chombo kizuri, kimetumika duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini lazima mtu apite nyumba kwa nyumba na daftari, asome, aandike, arudi ofisini, fakitire itoke, ndipo mteja alipe au asilipe. Katika kila hatua feza inavuja. Mimi nimekopa ili ninunue pano na betri. Anayenikopesha ananiuliza mteja wa Baraka atalipaje. Nikimwonyesha mita inayolipiwa kabla na inayotuma hesabu yenyewe, tunaendelea kuzungumza. Nikimwonyesha daftari, mazungumzo yanaishia hapo.

MZEE: Mwanangu, mimi sililii sahani ya zamani. Nimeishi mjini nilipokuwa kijana, na nyumba yetu haikuwa na mita kabisa. Tulilipa kwa forfe: bei moja kila mwezi, umeme uwepo au usiwepo. Delestaji ya wiki mbili, fakitire ileile. Jirani mwenye friji na mashine ya kusaga, na sisi wenye balbu mbili, tulilipa sawasawa. Kama mita mpya inamaliza dhuluma hiyo, mimi naipokea.

MAMA: Hata mimi naipokea, Mzee, lakini niionavyo, mita ni mizani. Pale sokoni, mnunuzi akija, mizani iko mbele yake. Anaona mshale, anaona jiwe, akitilia shaka anakwenda kupima kwa mwenzangu. Sasa huyu ndugu wa kampuni analeta mizani yake mwenyewe, anaifunga kwa lakiri yake, anaisoma kutoka mbali, na mimi mnunuzi natakiwa kulipa tu. Nataka kujua nitaona wapi mshale.

FUNDI: Mama ameuliza jambo lenyewe. Lakini kwanza tutofautishe vyombo, maana watu wanabishana juu ya vitu viwili wakidhani ni kimoja. Mita ya sahani mmeisikia. Ya pili ni kashipawa, ambayo ndugu zetu waliokimbilia Kigoma waliijua kwa jina la LUKU. Unanunua tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza kwenye vitufe, uniti zinaingia, na zinapungua kadiri unavyotumia. Mita hiyo haizungumzi na ofisi. Tarakimu zimefumbwa kwa namna ambayo mita yako peke yake inaweza kuzifumbua. Rezo ikianguka mji mzima, wewe ukiwa na tokeni kwenye karatasi, umeme unaingia. Ya tatu ndiyo mita janja. Ina laini ya simu ndani yake, au redio, au inapitisha habari kwenye waya uleule wa umeme. Inatuma matumizi yako kila nusu saa au kila robo saa. Inapokea amri. Ina swichi ambayo mtu aliye Kinshasa au Nairobi anaweza kuizima. Ukigusa kifuniko chake, ofisini wanajua.

Rezo ikianguka

KIJANA: Ninyi wakubwa mnaogopa kitu mlichokwisha kukizoea. Angalieni seti za jua. Altech, mojawapo ya kampuni zilizoziuza sana katika nchi hii, ilianzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, vijana waliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya kukimbia vita vya Kivu Kusini. Kwa hiyo si jambo la kigeni. Seti nyingi sokoni mtu analipia kidogo kidogo kwa simu, na siku alizolipia zikiisha, zinajifunga. Kila jioni watu wanakuja kwangu na franka zao, wananunua siku tatu, siku saba. Hakuna anayekasirika. Kwa nini mita ya ukutani iwaogopeshe?

MWALIMU: Kwa sababu seti ya jua, ukimaliza kuilipia, ni mali yako. Mita haitakuwa mali yako hata siku moja. Tena wewe mwenyewe ni shahidi, mdogo wangu: ni mara ngapi umewaambia watu warudi kesho kwa sababu rezo imepotea? Huku kwetu rezo inategemea mnara, mnara unategemea mafuta ya jenereta, mafuta yanategemea barabara ya Uvira, na barabara inategemea amani. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na mwezi uliofuata zamu ikawa ya Bukavu. Watu waliokuwa na feza zao ndani walishindwa kuzitoa. Ukifunga taa ya mzazi anayejifungua kwenye mlolongo huo wote, umemweka mahali pa hatari.

FUNDI: Hapo ndipo kashipawa ina nguvu kuliko mita janja. Lakini nayo ilitupa somo ambalo halipaswi kusahaulika. Tokeni za mfumo ule unaotumika nchi nyingi hubeba ndani yake hesabu ya dakika, zilizoanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inachukua dakika milioni 16.7 na kidogo, basi. Nafasi ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ya aina hiyo, ya Tanzania, ya Kenya, ya Afrika Kusini na kwingine, ilitakiwa kubadilishiwa hesabu. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliwapa wateja wake mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha mita, na la tatu la umeme wenyewe. Mita isiyobadilishwa ilikataa tokeni mpya. Zile zilizohamishiwa hesabu mpya, inayoanzia mwaka 2014, zitafika ukomo huohuo mwaka 2045.

MAMA: Maana yake hata chombo kisichozungumza na ofisi kinahitaji ofisi iliyo hai.

FUNDI: Ndiyo, Mama. Kampuni ikifilisika au ikikimbia vita, ni nani ataniuzia tokeni? Swali hilo linahusu kashipawa, na kwa mita janja lina uzito maradufu.

MWAKILISHI: Swali ni la haki, nami nalijibu. Funguo za siri za mita zinaweza kuwekwa mahali pa amana, ili kampuni nyingine ikichukua kazi, iendelee kuuza kwenye mita zilezile. Mkiliandika katika mkataba, nitalitia sahihi. Msipoliandika, hakuna kampuni itakayojitwika mzigo huo yenyewe.

Je, inapima kweli?

MWALIMU: Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipima mita tisa za kielektroniki katika maabara. Tano zilionyesha matumizi makubwa kuliko ya kweli, na iliyopotoka kupita zote ilizidisha kwa asilimia 582. Chanzo kilikuwa balbu za kubana matumizi na zile za LED zenye vidhibiti vya mwanga, ambazo huvuta umeme kwa mikupuo mifupi mikali badala ya mkondo laini. Angalieni sasa madukani kwetu: balbu ni za bei nafuu, chaja ni za bei nafuu, inveta ni za kila namna. Tumejaa vitu hivyohivyo.

FUNDI: Umesema kweli, Mwalimu, ila tuumalizie utafiti. Mita mbili kati ya zile tisa zilionyesha pungufu, kwa hasara ya muuzaji. Na vifaa viliunganishwa kwa makusudi katika hali ngumu, kusudi udhaifu uonekane. Mimi sisomi humo kwamba mita mpya ni wezi. Nasoma kwamba mita yoyote ipimwe kabla ya kufungwa, tena ipimwe pamoja na balbu tunazotumia hapa. Mteja naye anaweza kujipimia. Zima kila kitu ndani ya nyumba. Washa resho ya wati 1000 kwa saa moja kamili. Mita inapaswa kuhesabu karibu kilowati-saa moja. Kama volti zimeshuka itahesabu pungufu, lakini ikihesabu mbili, kuna kasoro.

MZEE: Na nikiona mbili, nampelekea nani?

MWAKILISHI: Ofisi yetu ya wateja.

MZEE: Mwanangu, mimi ni mzee wa kartye. Mtu akija kwangu na kesi, simwambii aende kuhukumiwa na yule anayemlalamikia.

MWALIMU: Mzee amegusa penyewe. Kenya mwaka 2018 wakili Apollo Mboya aliifikisha kampuni ya umeme mahakamani kwa sababu wateja walikuwa wakitozwa gharama za nyuma za mafuta ya dizeli. Kesi ile ilikuwa na mambo mengi, lakini kubwa kwangu ni kwamba palikuwa na mlango wa kubisha hodi nje ya kampuni. Nchi yetu ina mamlaka ya kusimamia umeme, ARE, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kulinda masilahi ya mtumiaji. Iko Kinshasa. Kutoka Fizi hakuna barabara ya kumfikisha mama wa sokoni kule na mita yake kapuni. Nchi ina OCC pia, inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kama mita elfu moja zitashushwa Baraka, zikaguliwe, na cheti cha ukaguzi kibandikwe mahali kila mtu atakapokiona.

Swichi iliyo mbali

MAMA: Sasa tuje kwenye friji. Wavuvi wanatoka usiku na taa zao, wanarudi alfajiri. Ndakala tunaanika, lakini mikebuka na sangala wanataka barafu. Nikipata umeme wa kweli, naweza kuacha kuuza kwa bei ya kutupa saa nne asubuhi. Naweza kungoja mnunuzi wa Uvira au wa Bukavu. Ndiyo maana umeme nautaka kuliko ninyi nyote. Lakini uniti zikiisha saa nane usiku, kijana huyu amelala, rezo haipo, asubuhi nakuta samaki wameharibika. Nani atanilipa? Zamani aliyekuja kukata umeme alikuja mchana, kwa miguu, nilimwona uso wake. Niliweza kumwambia, "Baba, ningoje mpaka jioni." Swichi haisikii ombi.

MWALIMU: Uingereza, nchi tajiri, jambo hilo liliwashinda. Kampuni zilikuwa zinawalazimisha watu wenye madeni wawe na mita za malipo ya kabla. Nyumba nyingine ziliingiwa kwa amri ya mahakama, na mita janja zilibadilishwa kutoka mbali bila mtu kugonga mlango. Februari 2023, baada ya gazeti kufichua jinsi wagonjwa na maskini walivyotendewa, msimamizi wa umeme, Ofgem, aliziambia kampuni zisimamishe ulazimishaji huo. Kama mita inaweza kufanya hivyo mahali penye sheria kali na magazeti yenye nguvu, huku tujihadhari zaidi.

MWAKILISHI: Swichi hutii ilivyopangwa, Mwalimu. Mita janja inaweza kupangwa isikate usiku kabisa. Inaweza kupewa uniti za dharura, ikukopeshe kidogo, ikate deni utakaponunua tena. Inaweza kukuonya uniti zikikaribia kwisha. Mita ya sahani haiwezi hata moja kati ya hayo. Na yule aliyekuja kwa miguu, Mama, si kila mara alikuja kusikiliza ombi. Mara nyingine alikuja kutaka kitu kidogo.

MAMA: Hilo sikatai. Mkono wa mtu tunaujua. Lakini hayo mazuri uliyoyataja, kutokata usiku, kukopesha, kuonya, yameandikwa wapi?

MWAKILISHI: Yataandikwa mkiyadai.

Nani anaona, nani anakusanya

MZEE: Nimesikia mita itatuma matumizi yangu kila nusu saa. Maana yake kuna mtu atajua saa ninayolala, saa ninayoamka, na siku ambayo nyumba haina mtu. Katika mji wenye amani hilo ni jambo dogo. Sisi tumekimbia mwaka 1996, tumekimbia 1998, tumerudi, wengine wamekimbia tena. Habari ya nyumba ipi imeachwa wazi, huku kwetu ni habari ya hatari.

MWALIMU: Wala si woga wa wazee peke yao. Mwaka 2009 Baraza la Juu la Bunge la Uholanzi lilikataa sheria ya kulazimisha mita janja kila nyumba, kwa sababu ya siri za maisha ya watu. Sheria ilirekebishwa, na raia akapewa haki ya kuikataa. Nami naongeza jambo la pili, la kodi. Tanzania, tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Walianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa serikali ni njia rahisi, na kodi hiyo ipo kwa sheria. Lakini mpangaji anayenunua umeme anajikuta amelipa kodi ya mwenye nyumba, kisha aanze kumfuata amrudishie. Mita ikishakuwa mlango wa feza wa kila siku, kila mwenye madaraka atatamani kusimama mlangoni. Sisi wenyeji wa Kongo tunayajua vizuri mambo ya vizuizi na ushuru wa njiani.

KIJANA: Mkubwa, lakini hata daftari la zamani lilikuwa na ushuru usioandikwa. Afadhali kodi inayoonekana kwenye risiti. Mtu akinunua umeme kwangu, simu inamwonyesha kiasi cha umeme, kiasi cha kodi, kiasi cha makato. Kama ni wizi, basi ni wizi wenye ushahidi.

MWAKILISHI: Na kampuni inahitaji kujua matumizi. Transfoma ikizidiwa inaungua, na kartye nzima inabaki gizani. Nitapangaje mtambo bila kujua saa ambayo watu wanatumia umeme mwingi?

FUNDI: Kwa hilo, weka mita janja kwenye transfoma. Itakuambia mzigo wa kartye nzima kila robo saa. Huna haja ya kujua Mzee analala saa ngapi.

Wizi na madeni

MWAKILISHI: Basi niseme la mwisho, ambalo watu hawapendi kulisema. Watu wanaiba umeme. Wanapitisha waya pembeni ya mita, wanajiunganisha usiku. Anayeiba analipiwa na jirani mwaminifu, kwa sababu bei inapandishwa kufidia hasara. Enel ya Italia ilianza mwaka 2001 kufunga mita zinazosomwa kutoka mbali, zaidi ya milioni 30, na kupunguza wizi kulikuwa mojawapo ya sababu kubwa. Mita janja hulinda mtu mwaminifu.

FUNDI: Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mita ya transfoma. Kama transfoma imetoa kilowati-saa 1000 na nyumba zake zote zimenunua 700, unajua 300 zimepotea chini ya nguzo hiyo. Utaitafuta mitaani, kwa miguu, pamoja na mzee wa kartye. Nyingine zitakuwa zimepotelea kwenye waya zako mwenyewe zilizochoka, na hizo usimdai mteja.

MAMA: Na wakubwa je? Katika nchi hii madeni ya ofisi za serikali kwa SNEL ni malalamiko ya miaka mingi. Mimi mwenye friji moja nilipe kabla, na ofisi yenye viyoyozi ilipe baadaye, au isilipe? Kama malipo ya kabla ni dawa, waanze kuinywa wao. Hospitali kuu ya Baraka ndiyo pekee ninayoiombea isizimwe hata siku moja.

MZEE: Hapo, Mama, umesema kwa niaba yangu.

Ninavyoamua mimi

Nimewasikiliza wote sita, na sioni kwamba ugomvi ni kati ya zamani na sasa. Mita ya sahani haikumlinda aliyetozwa kwa forfe. Kashipawa ilifika ukomo wa hesabu yake mwaka 2024. Mita janja inaweza kumkopesha mama uniti usiku, na inaweza kumzimia friji usiku uleule. Kinachotenganisha haki na dhuluma ni mambo mawili: mteja aweze kuisoma mita yake, na awe na mahali pa kuipinga. Mama muuza samaki aliliona hilo kabla yetu sote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa nyumba za kawaida za Baraka, Fizi-centre, Lweba na Sebele, ianze kashipawa yenye kioo na vitufe, inayofanya kazi hata rezo ikianguka. Hiyo inamaliza forfe, inamaliza daftari, na inampa muuzaji feza yake mapema, ambayo ndiyo haja yake kubwa. Mita janja zianze kwa wakubwa: kwenye mtambo, kwenye transfoma, kwenye viwanda, minara ya simu na ofisi. Huko ndiko umeme mwingi unakopita na kupotelea. Tena mita janja ya transfoma ina kazi ambayo hakuna aliyeitaja kwa faida ya mteja: inaandika kila saa ambayo umeme ulikatika na kila saa ambayo volti zilishuka. Hesabu hiyo itolewe kila mwezi, ibandikwe kwenye ofisi ya meya na kusomwa redioni. Kampuni ikitaka kujua nimetumia nini, nami nina haki ya kujua imeniletea nini.

Nyumba ya mtu ifungiwe mita janja baada ya masharti kuandikwa, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo Mzee na Mama wataisoma au kusomewa. Mita zote zikaguliwe kabla ya kufungwa, na pawepo mita moja ya kupimia iliyo mikononi mwa mtu asiye wa kampuni, hapa Baraka, ili mwenye shaka alinganishe bila safari ya Kinshasa. Umeme usikatwe usiku, na wagonjwa wasikatiwe. Hesabu za nusu saa zisitoke nje ya kazi ya umeme, zisipewe mwenye silaha wala mkusanya kodi, na mwenye nyumba awe na haki ya kutaka mita yake itume jumla ya mwezi tu. Kodi yoyote itakayopitia mita itajwe kwenye risiti kwa jina na kiasi. Na funguo za tokeni ziwekwe amana, ili kampuni ikiondoka, umeme usiondoke nayo.

Nakiri kwamba mwakilishi wa kampuni ana hoja nzito. Mtu hawezi kukopa mamilioni ya dola kwa kutegemea daftari, na anayetaka umeme wa bei ya haki hawezi kumtetea mwizi. Masharti yangu yanamwongezea gharama. Lakini kampuni ambayo wateja wake wanaiamini mita yao hulipwa kwa hiari, na hiari hiyo ina thamani kuliko swichi yoyote. Naye mwenyewe ametamka mbele yetu: yataandikwa mkiyadai.

Basi tuyadai. Namwomba meya wa Baraka na wawakilishi wa Fizi katika bunge la jimbo wasiunge mkono mkataba wowote wa umeme kabla kurasa za mita hazijasomwa hadharani. Naziomba asasi za kiraia, makanisa, misikiti na vyama vya wavuvi zichague watu watakaoziuliza kampuni maswali ya Mzee na ya Mama. Na wewe msomaji, siku fundi atakapokuja na kisanduku mkononi, kabla hujamwonyesha ukuta, muulize: nikiona kosa, nani mwingine atakayeipima mita hii? Asipokuwa na jibu, mwambie arudi nalo.